IBM PC 5150: polepole, ghali, nzito, na bado ndo kompyuta ninayoiheshimu kuliko zote

Mtu akiniuliza anunue kompyuta gani ya zamani ili aielewe historia ya hizi mashine tunazotumia, huwa anategemea nitaje Apple II au Commodore 64, na zote nzuri, sina ugomvi nazo, ila jibu langu ni moja tu: IBM Personal Computer, modeli 5150, ile iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981 kwenye hoteli ya Waldorf Astoria, New York. Nimeitumia vya kutosha, nimeandikia, nimepigia hesabu, nimeifungua nikaifunga tena, kwahiyo hii ni rivyu ya mtu anayeijua mpaka skrubu zake na nitasema mazuri na mabaya yote.

Kwanza tuelewane kuhusu bei maana wengi wanachanganywa na ile namba ya kwenye matangazo. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, lakini kwa hiyo unapata boksi lenye RAM (memori ya kufanyia kazi) ya 16KB na kibodi, basi. Draivu ya flopi, yaani ya kusomea diski laini, hakuna, skrini hakuna, kazi zako unahifadhi kwenye kaseti zile zile za muziki. IBM wenyewe walisema mfumo wa kawaida wa nyumbani au shuleni, wenye 64KB na draivu moja na skrini yake, unafika kama dola 3,005, na ule wa ofisini wenye draivu mbili, rangi na printa ni kama dola 4,500. Hiyo hela kwa wakati ule ilikuwa nyingi sana, kompyuta ya mshindani, TRS-80, ilitoka 1977 kwa dola 599.95 pamoja na skrini yake. Ila ukiangalia IBM walikotoka utaona kitu kingine, hawa ndo waliotoa 5100 mwaka 1975, mashine ya mezani ya kilo kama 25 kwa bei ya kuanzia karibu dola 9,000 na kupanda mpaka karibu 20,000. Kwahiyo 5150 kwa upande wao ilikuwa ni kushuka kabisa mpaka chini, na walikubali iuzwe madukani, ComputerLand na Sears, badala ya kutuma muuzaji wa suti ofisini kwa mteja kama walivyozoea.

Muonekano hauna mbwembwe. Kasha la bati zito la rangi ya krimu, mbele draivu mbili nyeusi kubwa za flopi za inchi 5.25, upande wa kulia kwa nyuma kuna swichi nyekundu nene ambayo ukiipandisha unasikia kabisa kwamba umewasha kitu. Feni inaanza kuvuma halafu kimya, kwenye skrini kimstari kinapepesa tu kwenye kona, hakuna nembo wala maneno ya kukaribisha, yaani mtu asiyeijua anaweza kudhani imekufa. Muda huo inakagua memori, na kadiri ulivyoijaza RAM ndivyo unavyosubiri. Afu bip moja, taa nyekundu ya draivu A inawaka, draivu inakoroma, unaulizwa tarehe, unaulizwa saa. Kila ukiwasha utaulizwa, kwa sababu ndani hakuna saa yenye betri, ukizima umeme inasahau. Na ukiwasha bila kuweka flopi yoyote haikugomei, inaingia moja kwa moja kwenye BASIC, lugha ya kuandikia programu, ambayo imekaa kwenye chipu za ROM (memori isiyofutika) za 32KB pale kwenye bodi kuu, unaanza kuandika programu yako hapo hapo. Hii naipenda mno. Kompyuta isiyo na kitu chochote ndani inakwambia haya, niandikie.

Sasa kibodi, hapa nitakaa kidogo. Ina vitufe 83, uzito wake unakaribia kilo tatu, ukiiweka mezani haisogei hata ukiandika kwa hasira. Chini ya kila kitufe kuna springi iliyosimama, unavyobonyeza springi inabanwa inabanwa halafu ghafla inajikunja upande, inakisukuma kibao kidogo chini yake na hapo ndo herufi inasajiliwa, kwahiyo kidole kinapata taarifa sekunde ile ile na sikio nalo linapata. Sijagusa kibodi ya laptop inayokaribia hapo. Unaandika ukurasa mzima bila kuangalia chini na unajua kabisa herufi gani ilikwenda na ipi haikwenda. Upande wa kushoto kuna F1 mpaka F10 kwenye safu mbili, kulia namba, na kule mwisho kabisa ipo Del, ambayo ukiishika pamoja na Ctrl na Alt mashine inajiwasha upya. Ule mchezo wa vitufe vitatu tunaofanya mpaka leo ulizaliwa hapa, aliuweka David Bradley, mmoja wa mainjinia walioandika programu za msingi za hii mashine, na kwenye kibodi hii huwezi kuifanya kwa bahati mbaya maana inataka mikono miwili.

Ila kibodi ina kasoro na lazima nizitaje. Kati ya Shift ya kushoto na Z wamechomeka kitufe cha mkwaju uliolala kinyume, kwahiyo mtu aliyezoea taipureta anabonyeza hicho badala ya Shift na herufi kubwa haiji. Enter ni nyembamba na iko mbali. Caps Lock na Num Lock hazina taa, huwezi kujua zimewashwa mpaka uandike uone. Magazeti ya kompyuta yalilalamika tangu mwanzo na IBM wakarekebisha kwenye AT, kompyuta yao ya 1984, taa zikawekwa na Enter ikanenepa.

Skrini unachagua mwenyewe na hapo ndo pagumu. Ukichukua kadi ya MDA (kadi ni kibao cha kuchomeka ndani, hii inaendesha skrini) na ile monita ya kijani 5151 unapata herufi nzuri kuliko kompyuta yoyote ya mezani ya bei hiyo wakati ule, safu 80 kwa mistari 25, kila herufi imechorwa ndani ya kisanduku cha nukta 9 kwa 14, macho hayachoki. Lakini picha hakuna. Sio kwamba picha ni mbaya, hakuna kabisa, ni herufi tu. Na ile rangi ya kijani inachelewa kufifia kwahiyo maandishi yakipanda juu yanaacha kivuli nyuma yake. Ukichukua kadi ya CGA unapata picha za nukta 320 kwa 200 kwa rangi nne, mpangilio maarufu ukiwa ule wa buluu-kijani, zambarau na nyeupe juu ya nyeusi, ambao kwa kweli ni wa kuumiza macho, na herufi zake ni za nukta 8 kwa 8, zimebanana, na programu ikiandika haraka kwenye skrini ya safu 80 unaona chengachenga zinaruka kama TV isiyo na antena. Mi nachagua MDA bila kufikiria mara mbili. Kuna waliokuwa wanaweka kadi zote mbili na monita mbili, na mashine inakubali, kwa sababu kila kadi ina anwani yake kwenye memori na haziingiliani.

Kasi? Ndogo. Prosesa ni Intel 8088 ya 4.77MHz, ndani yake inafanya kazi kwa biti 16 lakini mlango wake wa kutoa na kupokea data ni wa biti 8, kwahiyo neno moja linapita kwa awamu mbili. IBM waliichagua badala ya kaka yake 8086 kwa sababu chipu za kuizunguka za biti 8 zilikuwepo tayari na zilikuwa rahisi. Na ile 4.77 sio namba ya kubahatisha, ina stori yake ambayo naipenda sana. Ndani kuna kipande kimoja cha kristali kinachotetema mara milioni 14.318 kwa sekunde. Ukigawa kwa 4 unapata 3.58, ambayo ndo TV ya rangi ya Marekani inahitaji ili kutambua rangi. Ukigawa kwa 3 unapata 4.77, ya prosesa. Ukigawa kwa 12 unapata 1.19, inayoendesha saa ya ndani ya kuhesabia muda. Kidude kimoja cha bei ndogo kinalisha TV, prosesa na saa, na kwa ajili hiyo prosesa inayoweza kufika 5MHz ikakubali kupunguziwa kidogo. Hapo unaona kabisa watu waliokuwa wanahesabu kila senti na kila siku.

Tufike kwenye sababu ya mimi kuandika yote haya. Fungua skrubu za nyuma, vuta kasha mbele, linateleza lote. Ndani kuna nafasi tano za kuchomeka kadi, bodi kuu imelala chini, RAM zimepangwa kwa safu za chipu tisa tisa, nane za data na ya tisa ya kukagua kama nane zile zimesema kweli. Kuna soketi tupu imeachwa pembeni ya prosesa inasubiri chipu ya 8087 ya hesabu za desimali kama unaitaka. Kuna vibao viwili vya swichi ndogo ndogo, nane kila kimoja, unaiambia mashine kwa ncha ya kalamu una draivu ngapi, una skrini gani, una RAM kiasi gani. Kila kitu kinaonekana na kinashikika, hamna gundi, na chipu nyingi muhimu zimekaa kwenye soketi.

Na bodi kuu yenyewe haina kitu! Ina sehemu ya kibodi, sehemu ya kaseti na spika, imeisha. Skrini ni kadi, flopi ni kadi, modem inataka kadi, RAM ikizidi nafasi ya bodi kuu ni kadi nyingine, kwahiyo nafasi tano zinaisha upesi na huo ni udhaifu wa kweli. Lakini udhaifu huo ndo uliozaa soko. Kampuni kama AST wakaja na SixPakPlus, kadi moja yenye memori, saa yenye betri, mlango wa printa na mlango wa siriali, ukaokoa nafasi kadhaa kwa mpigo. IBM hawakutengeneza hiyo, na hakuna aliyehitaji kuwaomba ruhusa, kwa sababu maelezo yote yalikuwa kwenye kitabu.

Kitabu hicho ndo bidhaa halisi hapa, mtu wangu. Kinaitwa Technical Reference, kiliuzwa peke yake, kimekaa kwenye jalada gumu la pete tatu. Ukikifungua unakuta michoro ya sakiti ya bodi kuu, waya kwa waya, chipu kwa chipu, halafu maelezo ya kila pini ya zile nafasi za kadi, inabeba nini na lini. Na nyuma kuna kitu ambacho nilipokisoma mara ya kwanza sikuamini, BIOS nzima, ile programu ya 8KB inayoamsha mashine, imechapishwa mstari kwa mstari kwa lugha ya asembli na pembeni ya mistari kuna maelezo ya kiingereza ya injinia anayekwambia hapa tunafanya nini. Unataka kujua herufi inafikaje kwenye skrini? Tafuta interapti (namba ya kuita huduma ya BIOS) 10h, ipo. Flopi inasomwaje? 13h. Kibodi? 16h. Unafuata kidole chako kwenye karatasi huku mashine iko mbele yako inafanya hicho hicho. Waliosema ukiona vyaelea vimeundwa hawakuwa wanaongelea kompyuta lakini hapa ndo nilipoona muundaji ameacha na michoro yake mezani. Kusema kweli nimejifunza kompyuta zaidi kwa kitabu hiki kuliko kwa kozi yoyote.

Kwanini kampuni kubwa na ya siri kama IBM ilifanya hivyo? Haraka. Mwaka 1980 William Lowe, meneja wa IBM, aliwaambia wakubwa kwamba kwa utaratibu wa kawaida wa IBM kompyuta ndogo isingewezekana kwa muda unaotakiwa, ila wakimwachia anunue vipande nje anaweza kuitoa kwa mwaka mmoja. Wakamkubalia, kikaundwa kikosi kidogo, watu kumi na wawili mwanzoni, Boca Raton kule Florida, mbali na makao makuu, na baadaye kikaongozwa na Don Estridge. Prosesa wakachukua Intel, draivu za flopi Tandon, printa Epson, mfumo endeshi na BASIC kwa Microsoft. Kitu kama kibodi ndo kikawa cha kwao kweli. Na kwa kuwa hawakuwa na muda wa kuandika programu zote wala kutengeneza kadi zote, wakaamua kuwafungulia wengine. Estridge aliisimamia kazi hii mpaka ikawa biashara kubwa, akafariki kwenye ajali ya ndege Dallas mwaka 1985, na mimi kila nikiona kompyuta mbili za kampuni tofauti zinatumia kadi moja huwa namkumbuka yeye.

Wapo watakaosema Apple II ilifanya haya mapema zaidi, na ni kweli, haki yao wapewe. Steve Wozniak wa Apple aliiwekea Apple II nafasi nane za kadi mwaka 1977 na vitabu vyake vya mwanzo vilikuwa na michoro. Bila VisiCalc, programu ya jedwali za hesabu, kwenye Apple II mwaka 1979 wenye biashara wasingejua kompyuta ndogo inawafaa nini. Na kabla yao Altair 8800 ya 1975 ilikuja vipande vipande unaunganisha mwenyewe, na kadi zake zikaigwa na wengine mpaka zikawa kama kanuni ya wote. Tofauti ya 5150 ni jina lililokuwa limeandikwa mbele. Meneja ambaye asingethubutu kununua mashine ya vijana wa gereji alisaini bila wasiwasi alipoona herufi tatu za IBM, na ndani ya boksi lile la heshima akawa ameingiza mashine iliyo wazi kama ya mafundi wenyewe.

Upande wa programu mwanzoni palikuwa pakavu. Mfumo endeshi wa PC DOS ulitokana na 86-DOS ya Tim Paterson wa Seattle Computer Products, Microsoft walilipa kwanza dola 25,000 za leseni halafu mwaka 1981 wakaongeza 50,000 wakaichukua yote. IBM waliuza PC DOS kwa dola 40, na CP/M-86 ya Gary Kildall, mfumo endeshi mshindani, ambayo ndo watu wengi walidhani itakuwa mfalme, ikaja kwa dola 240, hapo ushindani ukawa umeisha kabla haujaanza. DOS ya kwanza haina hata mafolda, kila faili liko sehemu moja, lakini flopi ya 160KB itakuwa na mafaili mangapi kwani, inatosha. Mafolda yalikuja na DOS 2.0 mwaka 1983. Kilichoiuza mashine hii hasa ni Lotus 1-2-3, Januari 1983, lahajedwali yenye grafu ndani yake. Ilikuwa inaandika moja kwa moja kwenye memori ya skrini bila kupitia BIOS, ndo maana ilikuwa inakimbia, na ukiitumia kwenye 5150 unasahau kabisa kwamba prosesa ni 4.77. Unabonyeza mkwaju, menyu inatokea juu papo hapo. Programu nyingi za leo hazina wepesi huo na nasema hivi nikiwa na uhakika.

Sasa kipengele kidogo kwenye mkataba na Microsoft, wao walibaki na haki ya kumuuzia DOS mtu mwingine yeyote. Weka hiyo pamoja na vipande vinavyopatikana kwa kila mtu na kitabu chenye michoro. Kilichobaki cha IBM peke yao ni zile 8KB za BIOS, na kuichapisha kitabuni kulikuwa kama ulinzi vile, maana ukinakili unashtakiwa kwa hakimiliki na ushahidi upo. Eagle na Corona, kampuni zilizoiga, walishtakiwa kweli mwaka 1984 wakakubali kuacha. Lakini Columbia Data Products walitoa mashine yao ya kuiga 5150 Juni 1982, na Compaq wakafuata na Compaq Portable, iliyotangazwa Novemba 1982, mashine ya kilo kama 13 yenye mpini. Compaq walifanya kazi kwa makundi mawili, kundi moja linaandika maelezo ya kila kitu ambacho BIOS inafanya, kundi la pili ambalo halijawahi kuona ile ya IBM linasoma maelezo tu na kuandika yake kutoka mwanzo. Matokeo yanafanana, mistari hainakiliwi, sheria haijavunjwa. Mwaka 1984 Phoenix wakaanza kuuza BIOS ya namna hiyo kwa kampuni yoyote inayotaka, na hapo geti likawa wazi moja kwa moja. Mafundi wa madukani walikuwa wanapima kloni, yaani hizo mashine za kuiga IBM, kwa kuwasha Lotus na mchezo wa kurusha ndege wa Flight Simulator, zote mbili zikikubali basi mashine ni nzuri.

IBM walijaribu kurudisha geti mwaka 1987 kwa PS/2 yenye mfumo mpya wa kadi, Micro Channel, ambao ulikuwa wa kisasa kweli kiufundi lakini ukitaka kuutumia ulipe leseni. Wenzao hawakukubali, walikuwa wameshazoea. Compaq ilikuwa tayari imewatangulia mwaka 1986 na Deskpro 386. Na mwaka 2005 IBM wakawauzia Lenovo biashara yote ya kompyuta binafsi. Ukiiangalia kama biashara walipoteza, ukiiangalia kama mnunuzi wa kawaida tulipata sote, bei ilishuka, RAM unanunua popote, fundi wa mtaa wowote duniani anaweza kufungua na kurekebisha. Ndo maana nakasirika, na sioni sababu ya kuficha, nikishika laptop mpya ambayo RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na betri imegandishwa kwa gundi. Kitu hicho sio cha lazima, wala sio kipya, Macintosh ya 1984 ilikuja na 128KB imefungwa bila nafasi ya kadi hata moja na watu waliinung'unikia tangu siku hizo.

Alama zangu: kibodi tano kati ya tano pamoja na ile Shift, uimara tano, skrini ya MDA nne, ya CGA mbili, kasi mbili, bei ya 1981 mbili, kitabu sina alama ya kukitosha. Kwa ujumla nne na nusu.

Kama unataka kununua sasa hivi, sikiliza haya kwa makini maana hela itakutoka. Uliza tarehe ya BIOS. Zipo tatu: Aprili 1981, Oktoba 1981 na 27 Oktoba 1982. Mbili za kwanza hazifiki RAM yote ya 640KB na hazitambui kadi zenye ROM yake, kwahiyo kadi za hadi diski (hard disk, diski ngumu) hazitafanya kazi, unayoitaka ni ya tatu, au ununue hiyo chipu ubadilishe, ipo kwenye soketi. Muuzaji akisema hajui mwambie aingie DEBUG, programu ya DOS ya kuchungulia memori, aandike D F000:FFF5, tarehe inatokea upande wa kulia. Pawa saplai yake ni ya wati 63.5 tu na haitoshi kuendesha hadi diski ya zamani, XT, mrithi wake wa 1983, ndo ilipewa ya wati 130 pamoja na nafasi nane za kadi, ila ukiweka kadi ya XT-IDE na memori kadi ndogo badala ya hadi diski haina shida kwa sababu inakula umeme kidogo. Za Marekani zinataka volti 120, usichomeke kwenye 230 bila transfoma. Kabla hujaiwasha baada ya kukaa miaka mingi kagua zile kapasita ndogo za tantalamu, zinajulikana kwa kupasuka na kuingiza shoti, na mashine inagoma kuwaka kabisa kumbe ni kidude cha shilingi mbili. Ikiwaka ikaandika PARITY CHECK usikate tamaa, ni RAM, tafuta chipu mbovu ubadilishe, kitabu kinaonyesha safu ipi ni ipi. Kwenye kibodi kuna sponji ndani inayooza, baadhi ya herufi zitagoma mpaka uibadilishe, kazi ya uvumilivu lakini inawezekana kwa bisibisi na mikono iliyotulia.

Yenye kitabu lipia zaidi, usibishane sana na bei. Yenye monita 5151 nayo ongeza kidogo, kupata monita nzima ni kazi kuliko kupata mashine. Isiyo na kibodi iache, kibodi peke yake inauzwa bei ya kutisha. Na kama huna nafasi au hela ya yote haya, PCjs inaiga 5150 ndani ya brauza na 86Box inaiga kwenye kompyuta yako, DOS ya 1981 inawaka na BASIC ipo, andika ile amri ya DEBUG humo uone BIOS ikijieleza kabla hujatoa hata senti.